Ploti ya Vyumba 24 Haihitaji Mtambo wa Facebook

Wasee, kuna neno moja linaharibu WiFi za watu Nairobi kuliko panya wanaotafuna nyaya. Neno lenyewe ni "ya kisasa".

Mwaka jana fundi mmoja alikuja kwa ploti yetu na hilo neno. Akamwambia mwenye ploti kuwa WiFi ya wapangaji inataka faiawoli ya OPNsense, na hapo sina ubishi, OPNsense ni kitu safi. Ni programu huria, haina malipo, ilitoka kwa pfSense na toleo lake la kwanza lilikuja Januari 2015, unaiweka kwa kakompyuta kadogo ka mitumba na kanakuwa mlinzi wa nyumba nzima. Lakini msee hakuishia hapo. Akasema zinatakikana kompyuta mbili zikishikana mkono, na kazi ya kugawa anwani ifanywe na Kea, kwa sababu Kea ndiyo ya kisasa. Mwenye ploti akalipa. Yaani sisi tukalipa, ju kodi ilipanda mwezi uliofuata na tukaambiwa ni "intaneti mpya".

Usiku mmoja stima ikapotea kama dakika kumi, ikarudi. WiFi nayo ikarudi, alama zote zimejaa kwa simu, lakini hakuna kitu inafunguka. Mimi nilikuwa na video ya mteja ya kupandisha kabla ya saa sita usiku. Msichana wa chumba cha chini alikuwa na kazi ya chuo inafungwa usiku huo huo, na bando lake lilikuwa limeisha. Fundi, ukimpigia, mteja wa namba hiyo hapatikani. Keyateka akanigongea mlango na tochi mkononi: "Kijana wangu, wewe si ndiye wa kompyuta? Kuja uangalie hii kitu."

"Mzee, hii si kazi yangu, lakini twende."

Tulikaa kwa kabati chini ya ngazi mpaka saa nane usiku. Nywila ilikuwa imeandikwa kwa kibandiko juu ya mashine. Hiyo ni mada ya siku nyingine.

Kabla sijaendelea, kwa wale hawajui hivi vitu viwili. Simu yako ikiingia kwa WiFi, ya kwanza inapiga kelele: nipeni anwani! Anayejibu ni DHCP. Anaipa namba kwa muda fulani, kama chumba cha kukodi, na muda ukifika nusu simu inarudi kuomba iongezewe. Ya pili, ukiandika jina la tovuti, lazima mtu akubadilishie hilo jina liwe namba. Huyo ni DNS. DHCP ikifa, wageni hawaingii. DNS ikifa, hata wenyeji wanaona intaneti imekufa, ingawa laini iko sawa kabisa.

Sasa, nilichokuta. Kompyuta moja kati ya hizo mbili, ile iliyokuwa kiongozi, kabetri kake ka saa, CR2032, kalikuwa kamekufa. Kila stima ikipotea inasahau ni mwaka gani. Ilipowaka iliamini tuko miaka kadhaa nyuma, nayo ikachukua uongozi kama kawaida.

Kea mbili zikifanya kazi pamoja huwa zinaangaliana saa. Tofauti ikizidi sekunde 30 zinalalamika. Ikizidi 60 zinavunja urafiki. Kila moja inabaki kujibu simu kivyake lakini haziambiani tena nani amepewa nini, mpaka binadamu asawazishe saa na aziwashe upya. Kwa data senta yenye watu wa zamu hiyo ni tabia nzuri sana, maana saa zisipokubaliana, rekodi za nani ana anwani gani mpaka lini hazina maana. Kwa kabati ya chini ya ngazi, ambapo mtu wa zamu ni mzee wa miaka sitini na kitu mwenye tochi, ni upuzi.

Nitakuwa mkweli lakini. Kilichokata intaneti usiku huo hakikuwa Kea. Kilikuwa Unbound, ile programu ya DNS ambayo mimi mwenyewe naisifu. Unbound hukagua sahihi za majina, DNSSEC, na kila sahihi ina tarehe ya kuanza na ya kuisha. Saa yako ikiwa miaka nyuma, kila sahihi inaonekana haijaanza kufanya kazi, kuanzia ile ya mzizi wenyewe. Kwa hiyo inakataa kila jina. Na faiawoli ilitaka kurekebisha saa kupitia seva za NTP, lakini seva hizo ziliandikwa kwa majina, na majina hayapatikani ju saa ni mbaya. Paka anafukuza mkia wake. Niliweka saa kwa mkono, nikaziwasha zote upya, tukarudi hewani. Kabetri chenyewe ni chini ya shilingi mia mbili.

Basi mbona naitetea Unbound na kuifukuza Kea, na zote zilinikosesha usingizi?

Kwa sababu kila programu unayoweka kwa hiyo kompyuta ni mpangaji, na mpangaji lazima alipe kodi. Kero ya Unbound inalipiwa: kila mtu kwa ploti, kila siku, anapata majina yaliyokaguliwa, na hakuna kampuni moja inayopokea orodha nzima ya mahali tunaenda. Kero ya Kea mbili inalipiwa na nini? Tuna laini moja ya faiba. Ka-kisanduku ka faiba ni kamoja, na hakana UPS. Stima ni moja. Kitu pekee tulichokuwa nacho mara mbili ni kile ambacho kikifa saa moja hakuna anayegundua! Sababu nimeshasema: simu iliyopewa anwani ya saa 24 inaanza kuomba nyongeza baada ya saa 12, na isipojibiwa inaendelea kujaribu huku inatumia ile ile. DHCP ikilala kidogo, watakaosumbuka ni wageni tu.

Najua kelele ya Kea ilitoka wapi. Kwa miaka mingi karibu kila faiawoli huria ilitumia DHCP ya ISC, Internet Systems Consortium. Oktoba 2022 wenyewe wakatoa matoleo ya mwisho na kutangaza basi, hatuitunzi tena, hamieni Kea, ambayo pia ni yao. Ilikuwa haki yao kusema hivyo. Lakini watu wa video wakachukua tangazo la mwenye duka wakaligeuza amri kumi. "Ukitumia kitu kingine uko nyuma." Nimetazama video kumi hivi za hii mada, za Marekani na za hapa kwetu, na kwa nyingi hakuna anayeuliza una vifaa vingapi.

Wengine nao wamekwama upande ule mwingine, bado wako na ISC ya zamani ati "inafanya kazi tu". Inafanya, ndiyo. Siku shimo la usalama likipatikana, usiitarajie ISC ikuzibie. Hao sitawapotezea muda zaidi. Hameni.

Na mkihama, si lazima mfuate kundi. OPNsense walileta Kea Januari 2024, toleo 24.1. Julai 2025, kwa toleo 25.7, chaguo-msingi la DHCP kwa anayeweka upya likawa Dnsmasq. Soma hiyo tena polepole. Watu wanaotengeneza hiyo faiawoli, walio na Kea mkononi tayari, walipoulizwa mtu wa kawaida apewe nini, wakampa Dnsmasq. Kea wakaiacha kwa mitandao mikubwa na kwa wanaotaka mashine mbili.

Dnsmasq ni kadogo. Inagawa anwani na inajibu majina ndani ya programu moja, na hapo ndipo utamu uko. Kamera ya geti ikiingia na kuomba anwani ikisema "mimi naitwa kamera-geti", Dnsmasq inajua hilo jina sekunde hiyo hiyo. Keyateka anaandika jina kwa simu, picha inakuja, hakuna kukariri namba. Kea si seva ya majina. Ikitaka kupeleka majina mahali inatumia kipande kingine kabisa, kea-dhcp-ddns, ambacho kinaongea na seva nyingine ya DNS. pfSense walipoleta Kea Novemba 2023, ilikuja bila kusajili majina ya vifaa kwa DNS, na watu walioihamia kwa sababu ni "ya kisasa" wakaamka printa haipatikani kwa jina. Ile njia ya zamani huko pfSense nayo ilikuwa na ugonjwa wake: ukiwasha usajili wa majina, kila kifaa kipya kikiingia Unbound inawashwa upya. Fikiria hosteli saa moja jioni, simu zinaingia moja baada ya nyingine, na DNS inazimika na kuwaka kama taa ya disko.

Ubaya wa Dnsmasq uko, na sitauficha. Simon Kelley, Mwingereza, ameibeba kwa zaidi ya miaka 20, na programu inayotegemea mgongo wa mtu mmoja hivyo inafaa ikuwazishe kidogo. Januari 2021 yalitangazwa mashimo saba kwa mpigo, yakaitwa DNSpooq, na mengine yaliruhusu mtu kukuingizia majibu ya uongo. Toleo 2.83 liliyaziba. Kwa hiyo weka masasisho, usiifungulie upande wa intaneti, na usiipe kazi ya DNS peke yake. Kwa asili yake ni mpitishaji: ukiiuliza jina isilolijua inakimbia kumuuliza mwingine.

Na huyo mwingine kwa nyumba nyingi ni nani? 8.8.8.8. Kila fundi anaandika hizo namba akiwa amefunga macho. Sisemi Google ni wezi. Nasema ploti ya watu sitini inapeleka kila jina inalotafuta, mchana na usiku, kwa kampuni moja, na hakuna mpangaji hata mmoja aliyeulizwa. Kliniki unayotafuta, kasino, ile tovuti ya mkopo, kanisa, yote.

Unbound hutembea yenyewe. Inaanza kwa mzizi, inaelekezwa kwa .ke, inaelekezwa tena, mpaka inafika kwa mwenye jina, kisha inakumbuka jibu. Imetengenezwa na NLnet Labs wa Uholanzi na ndiyo DNS ya kawaida ndani ya OPNsense. Mzizi wenyewe hauko mbali siku hizi, ICANN iliweka kundi la seva zake hapa Kenya mwaka 2022. Usidanganywe kuwa hii inakuficha kabisa: kampuni inayokuuzia intaneti bado inaona maswali yakipita, maana yanapita wazi. Ukitaka kuwafunga macho hao, unaituma Unbound kwa mtu mmoja kupitia DNS iliyosimbwa, poti 853, na hapo unamwamini huyo mmoja. Chagua nani unamwogopa zaidi. Mimi nimechagua kutembea mwenyewe.

Kuna kitu sikutegemea kuandika hapa lakini lazima. Baada ya ule usiku mwenye ploti aliniomba niwe naangalia mitambo, akanipunguzia kodi kidogo. Wiki ya pili akaniuliza, kwa upole tu, kama naweza kumwonyesha wapangaji wanaangalia nini. "Si kwa ubaya. Nijue tu ni watu wa aina gani." Na jibu la kiufundi ni ndiyo! OPNsense ina ukurasa wa ripoti za Unbound, ukiuwasha unakuonyesha kifaa gani kimeuliza jina gani. Mbofyo mmoja tu. Nilimwambia hapana, mzee, hiyo siwashi, na nikamtajia Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, ingawa moyoni niliogopa kupoteza hiyo nafuu ya kodi. Alinyamaza, akasema sawa. Lakini najiuliza, ni ploti ngapi fundi alisema ndiyo?

Ndiyo maana nikisikia mtu anasema DHCP na DNS ni "vitu vidogo vya nyuma", damu inachemka. Aliyechagua hizo programu mbili amechagua nani ana daftari la maisha yako.

Kuna jamaa aliniandikia, "Wewe uliacha chuo mwaka wa pili, unawafundisha nini watu wenye digrii?" Buda, nimekubali, Kea sikuisoma darasani. Nimeisoma saa saba usiku na tochi. Na sijasema ni mbaya. Mwaka 2015 wahandisi wa Facebook waliandika venye wanaitumia kwa data senta zao. Ukiwa na kampasi, maelfu ya vifaa, mipangilio inayobadilishwa na programu nyingine, hifadhidata nyuma, na timu ya kuiangalia, Kea inalipa kodi na inabaki na chenji. Tena Kea 3.0 ya Juni 2025 iliachia huria vipande vingi vilivyokuwa vya kununua. Hongera kwao. Lakini kijana anayeweka WiFi ya salun, saiba, hosteli ya ghorofa tatu, anapouziwa hiyo kitu anauziwa kiatu cha namba 12, na yeye anavaa saba.

Venye tumeweka sasa ni hivi. Kompyuta moja, betri mpya. Dnsmasq inagawa anwani, na sehemu yake ya majina imehamishiwa poti 53053. Unbound iko poti 53, ndiyo inajibu kila mtu, na imeambiwa majina yanayoishia na jina la ploti iyaulize kwa Dnsmasq hapo hapo ndani. Seva mbili za saa nimeziandika kwa namba badala ya jina, ili lile duara lisirudi. Muda wa anwani nimeushusha mpaka saa nne. Yule fundi alikuwa ameweka siku saba, na simu za siku hizi zinabadilisha utambulisho wao wa MAC, kwa hiyo mgeni mmoja anaweza kula anwani mbili tatu na kuondoka nazo. Zikiwa 254 tu kwa ploti nzima, na wikendi kuna wageni, zinaisha. Kulikuwa na Jumapili watu walikuwa wanaambiwa "imeshindwa kupata anwani ya IP" na wanalaumu simu zao.

Nimewasha pia orodha ya kuzuia matangazo ndani ya Unbound. Ndiyo, mimi ambaye nakula kwa matangazo. Msinicheke. Zile za YouTube hazizuiliki kwa DNS hata hivyo, zinatoka kwa majina yale yale ya video, kwa hiyo bado mtaniona na mtanilipa.

Ile kompyuta ya pili hatujaitupa. Iko juu ya ya kwanza, imezimwa, na mipangilio ile ile ndani yake. Hailingani saa na mtu yeyote. Ikifa ya kwanza, unahamisha nyaya mbili, ya bluu na ya kijivu, unabonyeza kitufe, unasubiri. Jumapili iliyopita nilimfanyisha keyateka mazoezi, mimi nikiwa nimesimama nyuma bila kusema neno. Alichukua dakika sita, na mbili kati ya hizo alikuwa anatafuta miwani.